Trekta Linaloingia Msituni Kinyumenyume

Nilikata bomba la moshi la trekta langu, lililokuwa limesimama vizuri likiangalia mbingu, nikaligeuza likaangalia chini, kwenye majani makavu ya mitiki, mwezi wa nane, wakati wa kiangazi. Naliandika hili mwanzoni kwa sababu hapa Mnyuzi kila mtu analijua, na ukianza kusimulia jambo kwa kulizungukazunguka, wenzako wanakukatiza wakumalizie wao. Sikuwa mlevi; sinywi. Sikuwa na homa. Nilikuwa na akili zangu zote, na aibu yenyewe ndiyo hiyo.

Tena nina kidato cha nne. Fizikia nilipata D, ambayo ni kufaulu, ingawa watu hupenda kusahau. Nakumbuka kwenye mada ya joto tulifundishwa kwamba hewa ya moto hupanda juu. Swali hilo lilitoka kwenye mtihani, nikalijibu, na naamini ndilo lililonipa hiyo D. Kwa hiyo nilipogeuza bomba lile nilikuwa naujua ukweli wote unaohitajika, ila niliuacha kwenye chumba cha mtihani.

Trekta lenyewe lilikuwa la kaka yangu wa Kwamsisi, kule Handeni tulikozaliwa. Alipolichoka, au lilipomchoka yeye, alinipigia simu akasema nikalichukue kabla hajaligeuza kuwa banda la kuku. Nililiendesha hadi hapa kwa siku mbili, na hiyo ndiyo safari ndefu kuliko zote nilizowahi kuzifanya kwa hiari yangu. Mimi ni mtu wa nyumbani. Napenda baraza yangu, kiti changu cha kamba, na birika la chai saa kumi jioni. Mke wangu huwaambia wageni kwamba sikuhamia Mnyuzi kwa mapenzi. Nilikuja kuposa, nikakaribishwa kiti cha baba yake, nikaona uvivu kuinuka.

Huyo baba mkwe ndiye aliyetuachia mitiki. Mke wangu huiita shamba, mimi huiita msitu, kwa sababu ukisema unatoka msituni unaonekana umefanya kazi kuliko ukisema unatoka shambani. Lori la kubeba magogo haliwezi kuingia humo, kwa hiyo gogo likishakatwa hufungwa mnyororo, likaburutwa na trekta hadi barabarani. Njia ya kutokea ni moja tu. Upande mmoja kuna korongo ambalo kila masika linakula udongo zaidi. Upande wa pili kuna mikuyu mikubwa, na mikuyu hiyo ni ya jirani yangu, na kwenye matawi yake inaning'inia mizinga yake ya nyuki.

Sasa nimweleze jirani yangu. Ni mama wa Lutindi, kule milimani, aliyeshuka huku tambarare na mumewe zamani, wakanunua shamba. Mume alifariki. Amenizidi umri kama miaka kumi, kwa hiyo namwamkia shikamoo kila siku ya Mungu. Lakini yeye ni Msambaa na mimi ni Mzigua, na sisi ni watani. Shikamoo ikishapita, heshima imekwisha kazi yake ya siku hiyo.

"Shikamoo, mtani."

"Marahaba. Kiti kimekuruhusu leo?"

Hivyo ndivyo tunavyoanza. Yeye husema watu wa Kwamsisi wakikaa kwenye kiti, kiti huota mizizi. Mimi humwambia watu wa Lutindi hata kwenye uwanja wa mpira wanatembea kama wanateremka mlima. Yeye ni Mkristo, mimi ni Mwislamu, na kila Ramadhani huniletea chupa ya asali kwa ajili ya futari, akiniambia ninywe nyingi, pengine itaniamsha. Ni jirani ambaye nisingempenda zaidi hata angekuwa ndugu.

Mizinga yake mingi ni ya mbao, ya kisasa, ya kufunika na kufunua. Mmoja ni wa gogo. Huo aliuchonga mumewe kwa mkono wake, mwaka wa mwisho alipokuwa na nguvu, na ndio uliotundikwa chini kuliko yote kwa sababu hakuweza tena kupanda juu. Mizinga mingine yeye huitaja kwa hesabu, wa tatu, wa tano. Ule wa gogo huuita "wa mzee". Asali ya futari yangu ilikuwa inatoka kwenye mzinga wa mzee. Sikulijua hilo hadi nikawa nimeshachelewa.

Bomba la moshi la trekta langu, kama nilivyosema, lilikuwa limesimama wima mbele yangu juu ya boneti. Nikitoka msituni na gogo zito nyuma, injini inalia, na moshi mweusi unapanda moja kwa moja hadi kwenye matawi ya mikuyu. Msimu wa kwanza jirani yangu alisimama kando ya njia, mkono kiunoni, akaniambia, "Mtani, nyuki wangu hawavuti sigara."

Nilicheka karibu nianguke. Nikamjibu kwamba wa Lutindi lazima wanavuta, kwa baridi ile. Jioni nilimsimulia mke wangu, tukacheka tena. Juma lililofuata akaniambia nyuki wake wameanza kukohoa. Nikamwambia awapeleke zahanati. Akaniambia mzee wake angekuwa hai angenitoza faini. Nikamwambia mzee wake alikuwa shemeji yangu, asingethubutu. Nilikuwa najiona hodari wa utani kuliko wote katika kata hii. Niliendelea kupita chini ya mikuyu ile msimu mzima, moshi ukipanda, nikimpungia mkono.

Siku moja mwanzoni mwa kiangazi kilichofuata nilimkuta amekaa kwenye mzizi wa mkuyu, akiangalia juu. Nilimwamkia. Akaitikia, akasema nyuki wa mzinga wa mzee wamehama. Nilitafuta utani wa kujibu nikakosa, kwa sababu hakunipa pa kuanzia. Nilirudi nyumbani nikakaa kwenye kiti changu, na kwa mara ya kwanza kile kiti hakikunikaa.

Hapo ndipo nikaamua kulihamisha bomba. Nia ilikuwa safi. Nawaomba wasomaji walikumbuke hilo, kwa sababu hakuna mwingine anayelikumbuka.

Niliwaza hivi: nyuki wako juu, moshi unatoka juu, basi moshi ukitoka chini utabaki chini. Nilichora kwenye karatasi. Bomba litatoka kwenye injini, litakunja kona, litateremka ubavuni, litapita chini ya tumbo la trekta na kutazama ardhi. Nilimwonyesha mke wangu mchoro, akauliza kama ile ni nyoka. Nikauchukua pamoja na trekta hadi Korogwe mjini kwa fundi mmoja wa kuchomelea.

Fundi aliutazama mchoro, akautazama uso wangu, kisha akauliza trekta hili linafanya kazi wapi. Nikamwambia msituni. Akauliza kama huko msituni chini pana nini. Nikamwambia pana ardhi. Akapendekeza tulitoe pembeni, upande mmoja, likae juujuu kidogo, usawa wa kiuno cha mtu. Mimi nikamweleza kwa kirefu, nikatumia na neno mgandamizo. Alinisikiliza hadi mwisho kisha akaniambia yeye kazi yake ni kuchomelea, kubishana ni kazi nyingine. Akavaa miwani yake myeusi, akawasha grenda, na bomba lililokuwa limesimama tangu trekta hilo lizaliwe likaanguka chini likalia kama sufuria.

Nikarudi nalo najivuna. Mlio ulikuwa umebadilika, umekuwa mzito, kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Jirani yangu alitoka kuangalia. Akainama, akachungulia chini ya tumbo la trekta, akainuka taratibu.

"Mtani," akasema, "kwenu Handeni moshi huwa unaenda wapi?"

Nikamwambia kwetu moshi una adabu, ukiambiwa kaa chini unakaa. Akasema basi na moto nao niuambie ukae. Nikacheka. Nilifikiri ni utani mzuri kweli. Nilipanga kuutumia siku nyingine kwa mtu mwingine.

Asiyejua mitiki ajue kwamba wakati wa kiangazi miti hiyo hupukutisha majani yote, na jani moja ni pana kama sinia. Yanajikunja, yanakauka, ukiyakanyaga yanalia kama makaratasi. Njia yote ilikuwa imejaa majani hayo hadi kwenye vifundo vya miguu.

Siku yenyewe ilikuwa baada ya swala ya adhuhuri. Nilikuwa navuta gogo, na nilipofika chini ya mikuyu nikahisi mnyororo umelegea. Nikasimamisha trekta. Sikulizima, kwa sababu betri yake ni ya kubembeleza. Ukilizima pasipo na mteremko, mtalala hapo. Nikaliacha linanguruma pale pale, tumbo juu ya majani, nikaenda nyuma kuinamia mnyororo.

Nikasikia harufu ya kuungua. Nikafikiri kuna mtu anasafisha shamba lake kwa moto, nikamlaumu moyoni kwa uzembe.

"Mtani, unaungua," ilikuwa sauti ya jirani yangu kutoka uani kwake.

Bila kuinua kichwa nikamjibu, "Ni uzuri huo, mtani. Unawaka."

"Nakwambia unaungua."

"Basi shuka na maji ya Lutindi. Si mnasema huko hayakauki?"

Mara ya tatu nilichosikia ni mlio wa ndoo, na miguu. Sijawahi kumsikia mama yule akikimbia. Ndipo nikainuka.

Moto ulikuwa umeshatoka chini ya trekta na unatambaa. Haukuwa mkubwa, moto wa majani huwa hauna haraka mwanzoni. Lakini ulikuwa unaelekea kwenye shina la mkuyu wa kwanza, ule wenye mzinga wa mzee, na majani yalikuwa yamerundikana pale kwenye mizizi kama vile mtu ameyakusanya makusudi.

Nilirukia kwenye kiti nikalisogeza trekta mbele. Gogo lililokuwa nyuma, lile nililolifunga vibaya, liliyumba likapita juu ya moto na kuusaga nusu yake. Nimejaribu mara nyingi kudai kwamba hiyo ilikuwa akili yangu. Hakuna aliyekubali. Nusu iliyobaki jirani yangu aliimwagia ndoo ya maji, kisha akavunja tawi bichi akaanza kuupiga moto, kimya kimya, kama mtu anayepiga maharage. Mke wangu akaja na magunia aliyoyalowesha kwenye beseni la nguo. Mimi nilipiga kwa shati langu, ambalo hadi leo linatumika kufutia trekta.

Tuliuzima. Moto ulikuwa umelamba shina la mkuyu hadi usawa wa kifua cha mtu na kuacha weusi. Mzinga wa mzee ulikuwa juu kidogo tu ya weusi ule, mzima. Ila nyuki wa mizinga mingine hawakujua kwamba mambo yamekwisha. Walishuka. Jirani yangu alijifunika kanga kichwani akatembea polepole kuelekea kwake, kama mtu anayetoka kanisani, wala hawakumgusa. Mke wangu alikuwa ameshaondoka zamani. Mimi nilikimbia, na inaonekana nyuki hupenda mtu anayekimbia. Ijumaa nilikwenda msikitini na sikio moja kubwa kama chapati, na mdomo wa juu umenipita pua. Imamu alinitazama, akarefusha dua ya wagonjwa.

Lakini sikio halikuniuma kama kilichofuata. Asubuhi ya kwanza baada ya moto nilimwamkia jirani yangu.

"Shikamoo, mtani."

"Marahaba."

Basi. Hakukuwa na kiti, hakukuwa na mizizi, wala hakuuliza hata habari ya mdomo wangu, ambao ulikuwa zawadi kwa mtani yeyote mwenye macho. Siku ya pili vilevile. Kwetu mtani akiacha kukutania, ama amefiwa, ama umemuumiza. Siku ya tatu mke wangu aliniambia niende, na akakiondoa kiti changu barazani ili nisipate kisingizio.

Nilimkuta amekaa kwenye mzizi wake, chini ya weusi wa moto. Nikakaa chini, kwenye majivu. Nikamwomba radhi kwa Kiswahili cha heshima, bila utani, na maneno yalikuwa yanatoka vibaya kama viatu vya mtu mwingine. Nikamwambia sikumwelewa. Nilidhani ananitania.

"Nilikuwa nakutania," akasema. "Na nilikuwa nakwambia kweli. Kwenu Handeni hivyo viwili havikai nyumba moja?"

Mwaka mzima alikuwa ananiambia nyuki wake wanaumia, na mwaka mzima mimi nilikuwa nampa alama za ucheshi. Akanieleza kwamba nyuki wanaweza kurudi kwenye mzinga walioukimbia, iwapo mzinga ni mkavu na mahali pametulia. Anachotaka ni hicho tu. Mizinga ya mbao atanunua mingine. Wa mzee hauuzwi dukani. Kila asubuhi huwa anakuja kuweka sikio kwenye gogo.

Tukakubaliana jambo, na ni yeye aliyelitunga. Utani utaendelea, kwa sababu bila utani mimi sina faida yoyote kama jirani. Ila akitaka nisikie kweli, atamalizia kwa kusema, "Hapa sitanii." Hapo hapo akalitumia neno hilo kwa mara ya kwanza: nilipeleke lile bomba kwa mtu mwenye akili, na nimwache huyo mtu aitumie. Hapa hakuwa anatania.

Fundi wa Korogwe aliponiona naingia na sikio langu alichukua grenda yake. Alikata bomba la chini, akaweka kona mpya, akalitoa pembeni upande wa kushoto, usawa wa kiuno, kama alivyosema mwanzo. Akalizungushia bati lenye matundu nisije nikaunguza mguu, na kwenye mdomo akaweka wavu wa chuma wa kuzuia cheche. Safari hii jirani yangu naye alikuwa amekuja mjini, akasimama karibu kabisa na mwanga wa kuchomelea, akageuza uso huku akinyoosha kidole mahali bomba litakapotazama. Fundi alimwita mama na akafanya kila alichoelekezwa. Mimi nilitumwa chai.

Kushoto kulichaguliwa kwa sababu nikitoka msituni korongo liko kushoto na mikuyu iko kulia. Moshi unaenda korongoni, haumsumbui mtu. Tulifurahi wote hadi tulipofika nyumbani, ndipo nikauliza: nikiwa naingia je? Nikiwa naingia, kushoto kwangu ndiko iliko mikuyu. Nitawapulizia nyuki moshi usoni, tena kwa karibu zaidi.

Jirani yangu alifikiri kidogo. "Ingia kinyumenyume," akasema.

Nilisubiri aseme anatania. Akamalizia kwamba hapo hatanii.

Hivyo ndivyo ilivyo hadi leo. Nikienda kuchukua magogo naingia msituni kinyumenyume, shingo imepinda, na bomba linatazama korongo kwenda na kurudi. Ina faida zake: nikifika, mnyororo uko tayari upande wa gogo, sihitaji kugeuza. Nimewaeleza hivyo watu wengi barabarani. Wao wanaangalia tu trekta linavyopotelea kwenye miti likiwa limewapa uso. Mke wangu anasema mwishowe limefanana na mwenyewe, kwamba hata likienda kazini macho yake yako nyumbani.

Mwezi wa kumi na moja klachi ikafa. Kipuri kilikuwa kinatafutwa Tanga, na mimi sikumharakisha mtu. Trekta lilikaa nyuma ya nyumba, kuku wakalitazama kwa matumaini, na mimi nikarudishiwa kiti changu. Zilikuwa wiki tatu nzuri sana. Kisha kipuri kikaja, mvua za vuli nazo zikaanza kidogo kidogo, nikavuta magogo mawili ya mwisho, kinyumenyume kama kawaida.

Siku ya tatu baada ya hapo jirani yangu alikuja kuniita. Hakuita kwa jina la kiti wala la usingizi. Alinipungia mkono tu nimfuate, na tulipofika chini ya mkuyu akaweka kidole mdomoni. Kwenye tundu la mzinga wa mzee nyuki walikuwa wanaingia na kutoka. Si wengi, lakini wenye shughuli, kama watu waliohamia nyumba mpya na hawajamaliza kupanga vyombo. Aliweka sikio kwenye gogo la mzinga, akanipisha na mimi niweke langu, lile lililowahi kuvimba. Niliusikia mvumo, wa chini, kama mtu anayesoma kimoyomoyo. Nilipogeuka nikamwona anafuta macho kwa ncha ya kanga, na mimi nikaangalia upande wa korongo hadi alipomaliza.

Kisha nikashindwa kujizuia. Nikakohoa, nikaweka mkono kiunoni kama anavyoweka yeye, nikamwambia kwamba sipendi kujisifu, lakini pengine sasa atakubali kuwa bomba langu lile la pembeni limefanya kazi yake, na kwamba Fizikia, hata ile ya D, ina mahali pake duniani.

Aliniangalia kuanzia miguuni hadi kichwani, taratibu, na nikajua utani umerudi. Nilikosea kidogo.

"Wamerudi kwa sababu hilo trekta lako lilikufa wiki tatu na wewe ulikuwa umelala," akasema. "Hapa sitanii."